Vijana wa kanisa wanataka kuja kuvikata vigango vya babu yetu. Niwaruhusu?

Mkulima wa Kakoneni anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naandika nikiwa na mzigo moyoni, nami nawaomba wenye umri na uzoefu wanishauri kabla ya Jumamosi ijayo.

Mimi ni Mgiriama, mkulima wa mahindi na korosho upande wa Kakoneni, bara ya Malindi. Nilibatizwa pamoja na mke wangu miaka 3 iliyopita. Tunakaa katika mji mmoja, yaani boma moja la ukoo, na baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu marehemu baba yangu alipotutoka. Katikati ya nyumba yake na yangu, chini ya kibanda cha makuti kilichokwisha kuinama upande mmoja, vimesimama vigango 2 (nguzo za mti zilizochongwa kuwakumbuka wafu) vya babu yetu na ndugu yake, ambao walikuwa wazee wa Gohu, chama cha wazee wa heshima wa Kigiriama, na kando yake koma 5, vijiti vifupi vya ukumbusho wa watu wengine wa ukoo. Vigango hivyo ni vya muhuhu, mti ambao mchwa hauwezi, na kila kimoja kina kichwa cha mviringo, pembetatu zilizochongwa kifuani, na vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyofungwa shingoni. Mbele ya kila kigango kuna kifuu cha nazi kilichofukiwa hadi ukingoni, na humo ndimo baba mkubwa humimina mnazi, ile pombe ya minazi, anapowaita wazee waliokufa.

Mwezi uliopita mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka 6, alianza kuanguka na kutoka povu. Mganga alipoulizwa akasema kwamba babu ana kiu na amesahauliwa. Kwa kuwa mimi ni kifungua mimba wa marehemu baba yangu, natakiwa nilete kadzama (chombo) ya mnazi kwa ajili ya tambiko na nishike kibuyu wakati baba mkubwa anataja majina ya wafu. Nilipomwambia kwamba sitaweza, hakunikemea. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe usipompa babu yako maji, wewe utapewa na nani?" Nimekosa usingizi kwa ajili ya swali hilo.

Vijana wa kanisani kwetu wamelisikia jambo hili, nao wamepanga kuja Jumamosi na mapanga na mafuta ya taa ili wavikate vigango na kuvichoma, wakisema kwamba hapo ndipo mlango wa Injili utakapofunguka katika ukoo wetu. Mchungaji ameniachia mimi uamuzi. Nasoma 1 Wathesalonike 1:9, jinsi watu wale walivyomgeukia Mungu wakaziacha sanamu, nami najiuliza kama mtu anaweza kugeuzwa na panga la mtu mwingine. Tena najiuliza kama huko kujiuliza kwangu si woga niliouvika nguo ya busara. Nifanye nini, ndugu zangu, na nimwambie nini baba mkubwa, ambaye sijawahi hata mara moja kumweleza Kristo ni nani?

Kijana wa Mavuno, Malindi mjini, anajibu:

Ndugu yangu, usiogope. Katika Waamuzi sura ya 6 Gideoni aliambiwa aibomoe madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake mwenyewe, naye akaibomoa usiku ule ule pamoja na watumishi 10. Hakuitisha kikao cha wazee wala hakungoja baba yake akubali kwanza. Kumbukumbu la Torati 7:5 nalo linaagiza madhabahu zibomolewe na sanamu zichomwe moto. Mtoto anaanguka, na kitu kinacholishwa mnazi kimesimama hatua 20 kutoka mlangoni pako. Mimi nakuhimiza uwaache vijana waje, nami niko tayari kufunga na kuomba pamoja nawe tangu Alhamisi.

Mzee wa Kanisa, Ganda, anajibu:

Mwanangu wa Kakoneni, naomba unisikilize kwa subira, kwa kuwa jambo unalotaka kufanyiwa Jumamosi mimi nililifanya mwenyewe nilipokuwa na miaka 27.

Nilikuwa nimeokoka karibuni, na moto ulikuwa mwingi. Nyumbani kwa mama mkwe wangu palikuwa na koma 1 ya mumewe, kijiti kifupi tu kisichofika gotini, kimefungwa kitambaa kilichopauka kwa jua. Siku moja alipokwenda kuchota maji nilikikata, nikakitia katika moto wa jikoni kwake, nikakaa kumngoja ili nimhubirie. Aliporudi aliona kile kitambaa kimeungua nusu kando ya mafiga, akatua ndoo, akakaa chini, akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hakusikia neno hata moja katika yote niliyoyasema kuhusu Yesu. Kwa miaka 11 hakula chakula nyumbani kwangu, na kila mke wangu alipotaja kanisa aliuliza, "Lile la waliomchoma baba yako?" Nilikuwa nimeondoa kijiti kutoka ardhini, na mahali pake nikapanda ukuta kati ya yule mama na Mwokozi. Mungu amenisamehe, na yeye mwenyewe alinisamehe baadaye, lakini miaka ile 11 haikurudi.

Kuhusu Gideoni, kijana wetu amesema kweli, lakini asimalizie habari katikati. Gideoni alipewa agizo la wazi kutoka kwa Bwana mwenyewe, wala hakuna aliyeniambia kwamba vijana wa Kakoneni wamepewa agizo kama hilo. Zaidi ya hayo, watu wa mji walipotaka kumwua, aliyesimama kumtetea ni Yoashi, baba yake, mwenye madhabahu, akisema kwamba kama Baali ni mungu basi na ajitetee mwenyewe. Je, baba mkubwa wako amefika hapo? Kama bado, mtakuwa mmekata miti na kumwacha mzee pale pale alipokuwa, akiwa na uchungu zaidi.

Mimi huvutwa zaidi na Matendo ya Mitume sura ya 19. Paulo alifundisha Efeso zaidi ya miaka 2, ndipo wale waliokuwa wakitumia uganga wakakusanya vitabu vyao na kuvichoma mbele ya watu wote, na hesabu ya thamani yake ikawa fedha 50,000. Tazama sana neno hilo: vilikuwa vitabu vyao, na mikono iliyovitia motoni ilikuwa yao. Kisha, katika sura hiyo hiyo, karani wa mji, ambaye hakuwa Mkristo, alishuhudia mbele ya umati wenye hasira kwamba wenzake Paulo hawakuiba vitu vya mahekalu wala hawakumtukana mungu wao wa kike. Hekalu la Artemi lilikuwa pale pale mjini, na mtume alihubiri kwa miaka yote hiyo bila kulitupia hata jiwe. Injili ilipowaingia watu, biashara ya vihekalu vya fedha ikaanza kufa yenyewe, hata wafua fedha wakafanya ghasia. Huo ndio utaratibu ninaouamini mimi: neno likiingia moyoni, mkono wa mwenyewe hufuata.

Kuna na jambo la sheria, ambalo vijana wengi hawalijui. Vigango vimeibwa sana katika pwani yetu na kuuzwa ng'ambo, hata vikaonekana katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 vigango 2 vilirudishwa kutoka huko, na mwaka 2019 vikarudishwa vingine 30 vilivyokuwa Denver. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi za taifa inalinda vitu vya namna hii. Wazee wa ukoo wakiamka na kukuta vigango havipo, hawatauliza kama aliyevichukua alikuwa na panga la mwizi au la mwinjilisti. Kwao yeye ni mwizi, na jina la Kristo litatajwa pamoja na jina hilo.

Kisha nakuomba ufikirie usalama wa baba mkubwa. Wewe na mimi tunajua kwamba katika kaunti hii ya Kilifi wazee wenye mvi huuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya msingizio huo kuna shamba linalotamaniwa. Kuna wazee waliokimbilia Kaya Godoma kutafuta hifadhi kwa sababu watoto wao wenyewe waliwageuka. Kundi la vijana wenye mapanga likiingia katika mji wa mzee, mbele ya majirani, likipiga kelele kwamba hapa pana ibada ya mashetani, huku mtoto mgonjwa yumo ndani, ni nani atakayelizuia neno hilo lisiwe kibali mikononi mwa mtu mwingine usiku mwingine? Hata kama vijana wako wana nia safi, nami naamini wanayo, wao hawatakuwapo usiku huo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: wazuie. Lakini usiwazuie kisha ukanyamaza, kwa maana hapo ndipo busara inapogeuka kuwa woga, kama ulivyojihofia mwenyewe.

Mwalimu wa Katekisimu, Jilore, anajibu:

Nakubaliana na Mzee, nami nataka kuongeza jambo kuhusu lile swali la mwisho, la nini cha kumwambia baba mkubwa, kwa sababu naona wahubiri wengi wanaokuja kwetu hukosea hapo mwanzoni kabisa.

Ukimwambia mzee wa Kigiriama kwamba anaabudu gogo, atakuona mtoto. Yeye anajua kuwa ni gogo, kwa maana alikuwapo lilipochongwa, na huenda alimlipa mchongaji kwa mbuzi. Muulize naye atakuambia kwamba Mulungu ni mmoja, ndiye aliyeumba, ndiye anayeleta mvua. Tatizo analoliona yeye ni kwamba Mulungu yuko mbali na ni mkuu mno, hivyo mtu hamwendei moja kwa moja, bali huwapitia wazee waliotangulia, ambao wanamjua yeye na wanatujua sisi. Basi jambo linalobishaniwa hapa, tukisema kwa usahihi, ni mpatanishi. Nani anasimama kati yetu na Mungu? Hapo 1 Timotheo 2:5 inafika kwa mzee kama jibu la swali ambalo amekuwa akiliuliza maisha yake yote: Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni mwanadamu, Kristo Yesu, aliyekufa kama babu alivyokufa, ila yeye akafufuka. Paulo alifanya vivyo hivyo Athene. Moyo wake ulichukizwa alipoona mji umejaa sanamu, lakini aliposimama kunena alianzia kwenye madhabahu waliyokuwa nayo, ile ya mungu asiyejulikana.

Na kuhusu lile swali la maji, "utapewa na nani", usilipuuze, kwa kuwa ndani yake mna hofu ya mzee anayeona kwamba akifa hatakumbukwa. Mwambie wazi kwamba kumkumbuka babu si dhambi. Yoshua alisimamisha mawe 12 yaliyotolewa katika Yordani ili watoto waulize habari zake. Lakini soma pia 2 Wafalme 18:4. Nyoka ya shaba ilitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, ikawa ukumbusho wa wokovu, na bado mfalme Hezekia aliivunja, kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wamefika mahali pa kuifukizia uvumba. Kwa mfano huo mimi hupima hivi: kigango kinachotukumbusha jina la mtu ni kitu kimoja, na kigango kinacholishwa na kuombwa uponyaji wa mtoto ni kitu kingine, hata kama ni mti ule ule. Wala tusisahau kwamba Hezekia alikuwa mfalme, mwenye mamlaka juu ya alichokivunja. Wewe katika mji wenu huna mamlaka hayo.

Una mamlaka, hata hivyo, juu ya mkono wako, na hapo sikupunguzii neno: usishike kibuyu. Najua wengine watakutajia Naamani, aliyeinama katika nyumba ya Rimoni huku Elisha akimwambia aende kwa amani. Lakini Naamani alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hatamtolea tena sadaka mungu mwingine ila Bwana, na kuinama kwake kulikuwa kwa ajili ya bwana wake aliyeuegemea mkono wake, naye aliomba asamehewe kwa hilo. Wewe huombwi kusimama kando tu. Unaombwa uwe mtoaji.

Mama wa Kwaya, Msabaha, anajibu:

Shikamooni wazee. Naomba niseme kama mama, kwa kuwa naona mtoto amesahauliwa katika mazungumzo haya.

Ndugu yangu, mtoto anayeanguka na kutoka povu apelekwe hospitali ya Malindi kabla ya Jumamosi, na nauli utoe wewe. Kifafa ni ugonjwa wenye dawa, na dawa hizo hunywewa kila siku bila kukatiza, hata mtoto anapoonekana amepona. Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Mama mkwe wangu alitaka tutambike, nami nilikuwa nimeolewa katika mji ambao mimi pekee ndiye niliyekuwa Mkristo. Siku ya kutambika niliamka alfajiri, nikachota maji mitungi yote, nikafagia kiwanja, nikapika wali na kuku niliyemchinja kutoka kwangu. Wazee walipokwenda kwenye koma nilipiga magoti mbele ya mama mkwe nikamwambia, "Mama, kazi yote ya mji huu ni yangu, lakini pale siendi, kwa sababu mtoto huyu nimemkabidhi kwa Yesu, wala siwezi kumkabidhi kwa wawili." Alinuna, lakini mbele ya wageni alisema kwamba mkamwana wake si mvivu wala si mwenye dharau. Kumbe neno lile lilikuwa mlango. Mwaka uliofuata ni yeye aliyenishikia mtoto kwenye foleni ya dawa, na tulipokuwa tumekaa kwenye benchi aliniuliza huyo Yesu niliyemkabidhi mtoto ni wa ukoo gani. Nilimsomea Luka katika Biblia ya Kigiriama, kwa kuwa Kiswahili cha kitabuni kilimpita.

Na jingine, ambalo nalisema kwa uchungu. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400, wengi wao waumini wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, watu wa huku wakimwona mhubiri huwashika watoto wao mkono. Hawana kosa. Injili inayofika na mapanga na mafuta ya taa baada ya msiba ule haitasikika kuwa habari njema. Tunapaswa kwenda polepole, mchana, tukiwa na majina yetu na watoto wetu, tukae, tuulizwe maswali, na tukubali kurudi nyumbani bila kuongoza mtu sala ya toba.

Kijana wa Mavuno, Malindi mjini, anajibu tena:

Mzee, habari ya mama mkwe wako imenigusa, nami naondoa neno langu la kuwaita vijana. Lakini bado nauliza kwa heshima: tutangoja mpaka lini? Wazee wanakufa kila mwezi, na wengine wanakufa bila Kristo huku sisi tukilinda mahusiano mema.

Mzee wa Kanisa, Ganda, anajibu:

Mwanangu, hilo ni swali la haki, nami ninalilia kama wewe. Mmisionari Krapf alimzika mkewe Mombasa mwaka 1844, na miaka 2 baadaye yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakaanza kazi Rabai. Rebmann alibaki huko hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa amepofuka, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Hakukaa kimya miaka hiyo yote. Alikuwa akisema, akifundisha, akiandika maneno ya lugha zetu. Kungoja ninakokuhimiza ni kwa namna hiyo. Pale Malindi ufukweni iko nguzo ya Vasco da Gama, na juu yake msalaba wa mawe, tangu safari yake ya mwaka 1498. Sijasikia Mgiriama aliyeokoka kwa kuitazama. Waliotuletea imani ni watu waliokaa barazani kwetu.

Mkulima wa Kakoneni anajibu:

Ndugu zangu, Mungu awabariki. Jumamosi imepita, nami nawaeleza yaliyotokea kama yalivyo.

Niliwaomba vijana wasije. Wawili walikasirika, na mmoja wao bado hanisalimu. Jumatano nilimpeleka mtoto hospitali pamoja na mama yake, wakampima, wakampa dawa na tarehe ya kurudi. Ijumaa jioni nilikwenda kwa baba mkubwa na unga, sukari na kuku 2, nikakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, nikamwambia kwamba nitamtumikia katika kila jambo la mji isipokuwa kibuyu. Kisha nikamwambia kwa nini. Sauti ilinitetemeka na maneno mengine yalinipotea, lakini nilimsomea ule mstari wa mpatanishi kwa Kigiriama, na nikamjibu swali lake: kwamba nina Mmoja aliyeahidi kunipa maji, na kwamba natamani ampe na yeye.

Alinyamaza muda mrefu akichora ardhi kwa bakora. Jumamosi alitambika na mtoto wake wa kiume wa pili, na mnazi ulimiminwa katika vifuu vyote viwili. Vigango bado vimesimama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikipasua kuni za wageni, nami niliyasikia majina yakitajwa, la marehemu baba yangu likiwamo, na moyo uliniuma sana.

Jioni, wageni walipoondoka, baba mkubwa alimtuma mtoto aniite. Aliniuliza kama huyo mpatanishi alikuwa na watoto, na kama hakuwa nao, ni nani aliyemsimamishia kigango alipokufa. Nilimwambia kwamba kaburi lake lilikutwa tupu. Akasema, "Hilo hukunisomea." Kisha akaniambia nije kesho na kile kitabu, mapema, kabla jua halijawa kali, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na anataka nisome polepole.